Usingizi ni Haki ya Mfanyakazi

Kwa muda mrefu usingizi umesemwa kwa ubaya. Mvivu huitwa mpenda usingizi, na mwenye kujisifia bidii hutangaza kwamba yeye hulala saa 4 tu. Maneno hayo yalifaa kuwakemea wazembe, lakini yamezaa kosa jingine, nalo ni kudhani kwamba saa za kulala ni saa zilizopotea, na kwamba mfanyakazi akeshaye siku baada ya siku ndiye shujaa wa kazi. Kosa hilo linawagharimu wananchi afya zao, na pengine roho zao.

Wanaoilipa gharama hiyo kwanza si wale wakeshao kwa starehe. Ni walinzi, wauguzi, madereva, na wafanyakazi wa viwandani na bandarini, ambao kukesha kwao ndiko kunakowawezesha wengine kulala. Aidha, tangu mwaka 2023, Serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha baada ya katazo la karibu miaka 30, roho za abiria wengi zimo mikononi mwa watu wanaotakiwa kuwa macho wakati ule ule mwili unapodai kulala.

Yafaa ieleweke kwamba mwili wa binadamu una saa yake. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Nishani ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Saa hiyo haigeuzwi kwa amri ya msimamizi wala kwa kikombe cha kahawa. Atokaye zamu ya usiku akalala mchana, katikati ya joto na kelele, hupata usingizi mfupi wa mang'amung'amu, na jioni hurejea kazini akiwa na deni.

Deni hilo hulipwa kwa mwili. Mtu mzima huhitaji kulala saa 7 au zaidi kila siku. Anayepungukiwa kwa muda mrefu hujiweka karibu zaidi na shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo na sonona. Mwaka 2019 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha tena uamuzi wao wa mwaka 2007 wa kuiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani. Uchunguzi umeonyesha pia kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huweza kuwa mzito wa kutambua na kutenda sawa na mtu aliyekunywa pombe. Ni ajabu basi kwamba dereva mlevi hukamatwa, lakini dereva asiyelala hupewa safari nyingine na kusifiwa kuwa ni mchapakazi.

Sheria haikunyamaza juu ya jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 9 kwa siku na 45 kwa juma, na inakataza mfanyakazi kutumikishwa zaidi ya saa 12 katika siku moja. Inampa mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kutoka kazini na kurudi, na nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa ya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kwa hiyo mwajiri anayemwamuru mlinzi aunganishe malindo mawili kwa kuwa mwenzake hakufika, anavunja sheria ya nchi.

Wapo watakaosema kwamba wafanyakazi wenyewe ndio wanaozitafuta kazi mbili. Ni kweli, lakini hawazitafuti kwa kuchukia kulala. Mshahara usiofika mwisho wa mwezi ndio unaomwondoa mtu kitandani. Hapana budi vyama vya wafanyakazi vilipeleke suala la mapumziko kwenye meza ya majadiliano pamoja na suala la mshahara, kwa maana hayo mawili ni jambo moja. Wakaguzi wa kazi nao wasiishie kukagua vitabu vya mishahara. Wakague na orodha za zamu. Wananchi kwa upande wao wakumbuke kwamba jirani aliyefunga madirisha saa 4 asubuhi huenda ni muuguzi aliyekesha na wagonjwa wao, na kumpigia muziki dirishani ni kumnyang'anya mali yake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja masharti mawili ya maendeleo: juhudi na maarifa. Juhudi bila maarifa humfanya mtu awe kama mashine isiyotiwa mafuta, ambayo huzunguka kwa kishindo mpaka siku ya kukatika. Na mashine ikikatika hununuliwa nyingine. Mfanyakazi akianguka, watoto wake hawana pa kununua baba au mama mwingine. Taifa linaloheshimu kazi halina budi kuheshimu na usingizi wa yule aifanyaye.