Swali Ambalo Mwalimu Pia Hana Jibu Lake

Miradi mingi inayofanywa katika shule zetu huwa imekwisha kabla haijaanza. Mwalimu anajua kitakacholetwa, mzazi anajua kinachotakiwa, na mwenye saiba anajua bei yake. Mtaala wa umilisi ulipoingia madarasani mwaka 2019, wazazi kote Kenya walijikuta usiku wakishona sanamu za kutisha ndege kwa matambara na nyasi kavu, ili watoto wazibebe asubuhi. Malalamiko yakajaa magazetini, na mwaka 2021 yakafika mahakamani. Waliolalamikia gharama na uchovu walikuwa na haki. Ila liko kosa jingine ambalo halikusemwa vya kutosha, nalo ni kwamba sanamu ile haikumwuliza mtoto chochote. Mara nyingi haikufika shambani. Haikusimamishwa kwenye mtama wiki mbili, mtoto akahesabu ndege waliotua karibu nayo na waliotua mbali nayo. Ilipigwa picha, ikapewa alama, ikatupwa.

Toleo hili tumelitenga kwa miradi ya shule, na macho yetu tumeyaelekeza Mghange, huku juu kwenye vilima vya Dawida, Taita, upande wa Werugha. Hoja yangu kama mhariri ni kwamba mradi humfunza mwanafunzi pale tu unapouliza jambo ambalo hakuna mtu darasani anayelijua jibu lake, mwalimu akiwemo. Mghange hakuna uhaba wa maswali ya namna hiyo. Yako mlangoni mwa kila darasa, na karibu yote yanahusu maji.

Tuanze na mfereji. Wataita walichimba mifereji ya kumwagilia mashamba tangu enzi ambazo hakuna aliyeziandika, wakayatoa maji kwenye vijito na kuyateremsha kwenye matuta ya mlima kwa kukadiria mteremko kwa macho. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Patrick Fleuret alichapisha utafiti kuhusu jinsi jamii hii ilivyopanga ugavi wa maji hayo: nani anafungulia lini, na nani anawajibika kusafisha. Utafiti huo ulisomwa ng'ambo. Watoto wa Mghange, ambao kila siku wanaruka mfereji wakienda shule, hawajaombwa kuupima.

Wakiupima, hivi ndivyo inavyokwenda. Unachagua kipande kilichonyooka cha mita kumi. Unadondosha jani juu ya maji na kuhesabu sekunde hadi lifike mwisho. Tuseme limechukua sekunde 25. Basi maji ya juu yanakwenda sentimita 40 kwa sekunde. Unapima upana, tuseme nusu mita, na kina, tuseme sentimita kumi. Unazidisha, unapata lita 20 kwa sekunde. Hapo mwanafunzi hodari wa hisabati atafunga daftari akiamini kazi imekwisha. Lakini maji yanayogusa ukingo na sakafu ya mfereji huenda polepole kuliko yale ya juu yaliyobeba jani, kwa hiyo wapimaji hupunguza hesabu hiyo kwa takriban sehemu moja ya tano. Zinabaki lita 16. Na jani likirudiwa mara tano, litatoa majibu matano tofauti. Lipi ndilo sahihi? Kitabu cha hisabati hakijawahi kumpa mtoto huyu swali lenye majibu matano yote ya kweli. Ni hapo anapoelewa kwa nini wastani upo, jambo ambalo alilifanyia mazoezi ya kurasa tatu bila kujua linamsaidia nani.

Sasa apime juu karibu na banio, kisha apime chini mfereji unapoishia. Maji yamepungua. Yamekwenda wapi? Swali hili halimo ndani ya hisabati tena. Mengine yamezama kwenye udongo, na hiyo ni sayansi. Mengine yamechepushwa usiku na mtu ambaye haikuwa zamu yake, na hiyo ni jamii, ni sheria, pengine ni ugomvi wa koo mbili ulioanza kabla baba zao hawajazaliwa. Ili ajue, itabidi aketi na mzee. Itabidi aulize kwa Kidawida, maana mambo mengine mzee hayasemi vizuri kwa lugha nyingine. Kisha ayaandike kwa Kiswahili bila kumsingizia mzee neno ambalo hakulitamka. Hakuna zoezi la insha linalokaribia ugumu huo. Katika insha ya darasani mtoto anabuni mhusika na kumfanya aseme anachotaka. Hapa mhusika yuko hai, anajulikana kijijini, na Jumapili watakutana kanisani.

Naweka uzito kwenye jambo hili kwa sababu ratiba ya shule imetuzoesha kuamini kwamba elimu ina kuta. Kengele inalia, Sayansi inatoka, Masomo ya Jamii yanaingia. Ulimwengu haujapangwa hivyo, na kila mkulima wa Mghange anayepeleka kabichi soko la Kongowea anajua: asubuhi moja anahitaji udongo, hesabu, bei za Mombasa, hali ya barabara ya kuteremkia Mwatate, na ulimi wa kumkabili dalali. Mtoto wake aliyesoma masomo tisa anaweza kuyajua yote kwa mafungu na asijue kuyakutanisha.

Mvua nayo. Voi iko bondeni, joto na vumbi, na kwa kawaida hupata mvua ndogo zaidi kuliko inayonyesha vilimani, ingawa ni safari fupi kwa matatu. Kila mtu Taita analijua hilo kwa ngozi yake. Lakini ni shule ngapi zina daftari linaloonyesha mvua ya vuli ya mwaka jana, siku kwa siku? Kipima mvua ni chupa ya plastiki iliyokatwa, rula na subira ya kusoma saa tatu kila asubuhi, hata Jumamosi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la madarasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, likinyeshewa milimita 20 usiku mmoja, limepokea lita 3,200. Mwanafunzi aliyeipiga hesabu hiyo mwenyewe, kisha akatazama tangi la shule likiwa tupu kwa sababu gata imevunjika, hatahitaji kuhubiriwa juu ya uhifadhi wa maji. Ataandika barua kwa kamati ya shule, na itakuwa barua yenye takwimu.

Msitu uko karibu pia. Vilima vya Taita ndivyo sehemu pekee ya Milima ya Tao la Mashariki iliyoko Kenya. Sehemu nyingine zote ziko Tanzania. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambao wana kituo chao Wundanyi, walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani na kukuta kwamba kati ya 1955 na 2004 msitu wa asili ulipungua kwa takriban nusu. Sehemu kubwa ya miti unayoiona leo ni mikaratusi na misonobari iliyopandwa. Je, kuna tofauti ya maji yanayofika ardhini chini ya mti wa kienyeji na chini ya mkaratusi? Weka chupa mbili, na ya tatu mahali peupe. Siku ya mvua, chupa iliyo chini ya mti huenda ikapata maji machache, kwa kuwa majani yameyazuia. Siku ya ukungu bila mvua, huenda chupa ile ile ikapata maji huku ya mahali peupe ikibaki kavu, kwa kuwa majani yamekamua ukungu. Matokeo yanapingana. Mwanafunzi atamwendea mwalimu akidhani amekosea, na mwalimu mwenye ujasiri atamjibu: sijui, tuendelee kupima.

Jibu hilo ni gumu kwa walimu wetu, na siwalaumu. Mwalimu wa Kenya amefundishwa, na hupimwa, kama mtu mwenye majibu.

Wapo watakaosema kwamba kazi za mikono na mifereji ni njia ya kumbakiza mtoto wa kijijini kijijini, huku mtoto wa mjini akisomea udaktari. Shaka hiyo ina historia ndefu na ni ya haki. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki ikapendekeza elimu inayofuata maisha ya kijiji: kilimo, afya, ufundi. Ndani ya tume hiyo alikuwemo Mwafrika, James Aggrey wa Ghana ya leo, yule ambaye shule ya upili ya Dr. Aggrey pale Wundanyi inabeba jina lake. Waafrika wengi wa wakati ule waliona kwamba serikali ya kikoloni iliipenda elimu ya jembe kwa sababu ilihitaji mikono, na wakadai elimu ya vitabu ile ile waliyopewa watoto wa Wazungu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea akitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Katika shule nyingi likabaki shamba tu, wanafunzi wakalima na hakuna aliyepima mavuno wala kuuliza kwa nini mbolea hii imeshinda ile. Hapa kwetu mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985 na masomo ya ufundi na sayansi kimu, wazazi wakachanga kujenga karakana, na baadaye mengi ya masomo hayo yakaondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane.

Kwa hiyo mzazi anayeuliza mradi huu ni elimu au ni kibarua anauliza swali sahihi. Kipimo changu ni daftari. Mtoto akichimba mtaro bila kuandika chochote, amefanya kazi ya mtu mwingine. Akichimba mtaro na kuandika kwa nini maji yamekataa kupita, ameanza uhandisi, na chuo kikuu kitamkuta ameshaanza.

Mfano mzuri uko Sagalla, karibu na Voi, na umefanywa na watu wazima. Lucy King na wenzake wa shirika la Save the Elephants walishirikiana na wakulima kuzungusha mashamba kwa mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya, mzinga mmoja kila mita kumi, mingine halisi na mingine ya bandia, wakijua kwamba ndovu wa Tsavo huwaogopa nyuki. Waliendelea kuhesabu kwa miaka. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha kwamba katika misimu ya mavuno uzio huo uliwazuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Yalionyesha pia kwamba ukame wa 2017 uliiacha mizinga mingi bila nyuki na kupunguza asali. Sehemu hii ya pili ndiyo ningependa kila mwanafunzi wa Taita aisome, kwa sababu waliofanya mradi waliandika ulipolegea na hawakuona aibu. Katika maonyesho yetu ya shule, nani huweka ubao unaosema jambo hili halikufaulu, na sababu tunayoishuku ni hii?

Hawaweki kwa sababu ya alama. Tathmini za shuleni sasa zina uzito. Katika matokeo ya KJSEA, tathmini ya Gredi ya 9 iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2025, asilimia 20 hutoka kwenye kazi zilizofanyiwa shuleni Gredi ya 7 na ya 8. Alama zikiingia, woga huingia nazo. Mtoto huona heri alete kitu kizuri cha kununua kuliko kibaya cha kwake, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi na muda mfupi hutoa alama kwa kinachong'aa. Hapo ndipo umaskini hugeuka alama ndogo: aliye na karatasi za manila na rangi hushinda aliye na daftari la vipimo vya wiki sita. Ningeomba jambo moja la wazi kwa walimu wakuu wa eneo hili. Mradi wowote unaomtaka mzazi kununua kitu usipewe. Chupa, kamba, rula, jani na mzee wa kuulizwa havina bei, na vinapatikana kwa mtoto wa bwenyenye na kwa yatima kwa kiasi kile kile. Na mradi ufanyiwe shuleni au njiani, mchana, si usiku mezani kwa mama ambaye ametoka sokoni.

La pili ni muda. Mradi wa wiki mbili hauwezi kujua kitu kuhusu mvua. Mvua huulizwa kwa miaka. Sasa hivi kila darasa huanza upya, na kazi ya waliotangulia huwashiwa moto jikoni au kuliwa na panya stoo. Daftari la mvua likiwa mali ya shule, likifungiwa kabatini pamoja na rejista, Gredi ya 7 ya mwakani itaanzia ukurasa ulioachwa na ya mwaka huu, na itabidi kwanza isome kwa makini kazi ya wenzao, itafute makosa ndani yake, na iamue kama chupa ilikuwa imewekwa mahali pazuri. Shule moja ya Mghange na moja ya Voi zikikubaliana kusoma saa ile ile na kubadilishana namba kila mwisho wa mwezi, baada ya miaka mitano tutakuwa na kumbukumbu iliyoandikwa na watoto wenyewe.

Kurasa za wanafunzi zinazofuata tumeziacha kama zilivyo, pamoja na vipimo vilivyofutwa na kuandikwa upya. Shule itakayotaka kuanza daftari lake kabla ya vuli ituandikie, nasi tutaichapishia fomu ya safu nne: tarehe, saa, milimita, na jina la aliyesoma.