Karani Alitangulia, Profesa Akafuata

Imani hii imeota mizizi vyuoni, kwa wachapishaji na hata barazani: kwamba historia ya mahali, iwe ya kata, ya kisiwa au ya ukoo, ni kazi ya mwenye shahada, na mtunzi wa hadithi akiigusa ataichafua. Achague moja, huambiwa. Ama utafiti, ama riwaya.

Imani hiyo hujivika joho la kuheshimu elimu, lakini haina msingi.

Mathias Mnyampala, Mgogo aliyekula mshahara wa ukarani serikalini, hakuwa na shahada yoyote. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Mtu huyohuyo ndiye malenga aliyeivumisha ngonjera, mashairi ya majibizano, na akatunga pia kisa cha mrina asali na wenzake wawili. Hakuna aliyemtaka achague. Mwaka 1995 kitabu chake cha Wagogo kilitoka kwa Kiingereza, kimetafsiriwa na kuhaririwa na Gregory Maddox, mwanahistoria wa Marekani aliyechunguza Mtunya, njaa iliyoiangamiza Ugogo miaka ya mwisho ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Karani alikuwa ameshatangulia; profesa alimfuata.

Kisiwani Ukerewe mambo yalikuwa hayohayo. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alisomea seminari ya Rubya, akawa katekista. Aliona namna watu wa kisiwani walivyoishi kabla ya wageni inavyopotea, akaanza kukusanya. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya nene ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto. Anayetaka kujua mkwe alilipaje faini ya pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe, au mganga alimtibuje mwanamke aliyechelewa kuzaa, atayakuta humo kwa undani ambao vitabu vichache vya historia vinaufikia. Wachapishaji hawakuitaka kwa Kikerewe. Ikabidi mzee aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitoka Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Katikati ya kungoja kote huko, Gerald Hartwig, mtafiti kutoka Marekani, alipokwenda kuandika historia ya Wakerewe, alimtegemea katekista huyo.

Watetezi wa shahada wana hoja moja ya kusikilizwa: mwenyeji hupamba ukoo wake. Ni kweli, hupamba. Babu akawa shujaa, na deni la ng'ombe likasahaulika. Lakini je, karatasi za ofisini ni safi? Waingereza walipoanzisha utawala wa kupitia machifu Tanganyika katika miaka ya 1920, maofisa wao wa wilaya walizunguka wakiuliza nani ni chifu halali na ukoo wake umetoka wapi. Aliyeutaka uchifu alijua la kujibu. Masimulizi hayo yakaandikwa katika vitabu vya wilaya, yakapigwa mhuri, na leo hunukuliwa kwa unyenyekevu ambao bibi wa jirani hapewi.

Dawa ya upambaji inajulikana, wala haihitaji joho. Andika jina la kila aliyesimulia na uhusiano wake na jambo lenyewe. Masimulizi mawili yakigongana, weka yote mawili. Msimulizi asiyekumbuka mwaka aulizwe ilikuwa kabla au baada ya nzige, njaa au kufika kwa reli, kisha tarehe itafutwe katika rejesta ya ubatizo, kesi za mahakama ya mwanzo au maandishi ya makaburini.

Na hadithi? Adam Shafi aliuchukua mgomo wa Zanzibar wa mwaka 1948 akaujenga ndani ya riwaya ya *Kuli*, na wasomaji wengi waliusikia mgomo huo kwake kwanza. Ebrahim Hussein, ambaye yeye alikuwa wa chuo kikuu, alipotoa tamthilia ya *Kinjeketile* mwaka 1969 alieleza katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule mganga wa Maji Maji wa Ngarambe anayetajwa katika historia. Aya chache za namna hiyo zinatosha kumwonyesha msomaji mpaka ulipo. Kosa ni kuuficha mpaka huo. Kufanya kazi pande zote mbili si kosa.

Hasara ya imani hii huwafika vijana. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye daftari la masimulizi ya kijiji huliacha kabatini, eti hana sifa. Kijana anayetunga riwaya ya mtaa wake hubuni hata lile ambalo angeweza kuliuliza nyumba ya tatu. Wote wawili wanamsubiri mtaalamu. Akifika kweli, na kinasa sauti chake na barua ya kibali, swali lake la kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji huwa hili: nani hapa aliwahi kuandika chochote?