Ushuhuda wa Asiyeamini na Ukiziwi wa Wahakiki

Shirere ni mtaa wa mji wa Kakamega, na kama ilivyo katika mitaa mingi ya magharibi mwa Kenya, Jumapili yake hujaa sauti. Baada ya nyimbo, na kabla ya mahubiri, hufika zamu ya ushuhuda. Mama mmoja atasimama aeleze jinsi matatu aliyoabiri ilivyopinduka, jinsi abiria walioketi mbele yake na nyuma yake walivyopoteza maisha, na jinsi yeye alivyotoka bila hata mkwaruzo. Atamaliza kwa kusema kwamba Mungu yupo na kwamba amemwona kwa macho yake mwenyewe. Waumini wataitikia kwa shangwe. Hakuna atakayemdai thibitisho. Hakuna atakayemwambia kuwa hoja yake imezaliwa na hofu, au kuwa ameiga fikra za watu wa mbali. Amesema aliyoyapitia, na kuyapitia kwake kunatosha.

Sasa ichukuliwe kwamba miongoni mwa waliokufa katika matatu hiyo hiyo alikuwamo kijana wa Shirere aliyekuwa na dada. Dada huyo naye ana aliyoyaona. Siku ya mazishi anasimama chini ya hema, anapewa kipaza sauti, na badala ya kumshukuru aliyetoa na kutwaa anasema kwamba tangu siku ile hawezi tena kuamini kuwa kuna yeyote anayetazama barabara kutoka juu. Ajali ni ile ile moja. Mashahidi ni wawili. Lakini huyu wa pili ataambiwa kuwa ana uchungu, kwamba apewe muda, kwamba aombewe. Maneno yake hayatahesabiwa kuwa ushuhuda. Yatahesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa.

Kwamba mtaa hutenda hivyo si ajabu. Mtaa una matanga ya kuendesha na wafiwa wa kufariji, na hauwezi kusimamisha shughuli ili kupima hoja. La kustaajabisha ni kwamba sehemu kubwa ya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, ambao kazi yake hasa ni kusikiliza, imetenda vivyo hivyo kwa takriban nusu karne. Mhusika asiyeamini anapotokea katika riwaya, mhakiki humkimbilia kama jamaa wanavyomkimbilia aliyezirai makaburini: amlaze, ampepee, amwite jina la ugonjwa wake. Ni nadra sana kumuuliza anasema nini.

Kielelezo kikuu ni Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974. Sehemu kubwa ya riwaya hiyo husimuliwa na Kazimoto mwenyewe, mwanafunzi wa chuo kikuu, na jambo hili la kifani lina uzito kuliko linavyopewa na wahakiki. Usimulizi wa nafsi ya kwanza ndio umbo la ushuhuda. Kazimoto haleti nadharia kisha akaitafutia mifano; analeta mambo yaliyomfika, kisha anauliza yana maana gani. Dada yake Rukia anapewa mimba na Manase, rafiki wa utotoni aliyepanda cheo serikalini, naye anakufa. Kisasi alichokipanga Kazimoto kinageuka kuwa ndoa na Sabina, dada wa Manase huyo huyo. Ndoa inazaa mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Mtu aliyeyaona hayo akisema kwamba haoni mkono wa haki ukiyaendesha, amesema jambo linaloweza kukubaliwa au kupingwa, lakini ni hoja.

Uhakiki umefanya nini kwa hoja hiyo? Wako waliosema kwamba Kazimoto ni mgonjwa wa elimu ya kikoloni. Wako waliosema kwamba ni mwangwi wa Camus na Sartre, na kwa hiyo kila swali lake likabandikwa neno moja, udhanaishi, kama kwamba kulipa swali jina la shule fulani ya Ulaya ni sawa na kulijibu. Wako pia waliomwona kuwa msomi mwenye majivuno, aliyejitenga na umma katika enzi ambayo umma ulihitaji matumaini. Katika maoni yote haya matatu kuna kauli moja iliyofichika: kwamba mtu huyu hana sababu, ana chanzo tu. Tofauti hiyo si ndogo. Sababu hupimwa, chanzo hutibiwa.

Mazoea haya yana historia. Msomaji wa Kiswahili alilelewa katika utamaduni wa fasihi ambao shaka iliruhusiwa kutembea mradi irudi nyumbani kabla ya machweo. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unayatazama magofu ya Pate kwa jicho kali kuliko la Kazimoto: majumba yaliyokuwa na fahari yamekuwa makao ya wadudu na ndege. Lakini mshairi anajua tangu mwanzo mahali anapouongoza moyo wake, na moyo unafikishwa huko, kwenye hofu ya Jehanamu. Shaaban Robert naye aliandika juu ya dhuluma bila kuondoa macho yake kwa Muumba. Hakuna ubaya katika hayo, na aghalabu ni fasihi tukufu. Ubaya ni kumchukua Kezilahabi, ambaye shaka yake haikurudi nyumbani, na kumsoma kana kwamba alipotea njia ile ile. Wala Kezilahabi hakuwa mgeni wa dini aliyeisikia kwa mbali. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasomeshwa na Wakatoliki, akapitia seminari. Aliijua nyumba hiyo vyumba vyote.

Jibu la wahakiki hao hujulikana: Kazimoto alijiua. Kwao kifo hicho ni hukumu iliyotolewa na riwaya yenyewe. Asiyeamini huishia hapo. Yafaa basi wakumbushwe riwaya iliyotangulia, Rosa Mistika, ya mwaka 1971. Rosa anatoka katika nyumba ya Kikatoliki. Jina lake lenyewe ni sifa mojawapo ya Bikira Maria katika litania. Naye pia anajiua. Je, ni mhakiki gani aliyeandika kwamba Rosa aliuawa na imani? Wote walimtazama baba yake Zakaria na ukali wake, wakatazama shule, wanaume na jamii, na walifanya vema. Kwa nini basi Kazimoto asifanyiwe hisani hiyo hiyo? Muumini akijiua, jamii ndiyo inayolaumiwa. Mkanamungu akijiua, ukanamungu. Huu ni upimaji wa mizani mbili, na mwenye duka angekamatwa kwa hilo.

Haimaanishi kwamba Kichwamaji haina kasoro. Kazimoto huwadharau watu wa kijijini kwao kwa wepesi mno, na wanawake wa riwaya hiyo huonekana zaidi kama mahali ambapo wanaume huumizana. Hayo yanastahili kushambuliwa. Lakini yashambuliwe yenyewe, yasitumiwe kuwa kifuniko cha swali.

Hoja inayopendwa kuliko zote, hata hivyo, ni ile ya ugeni. Husemwa kwamba Mwafrika kwa maumbile yake ni mtu wa dini, na kwa hiyo asiyeamini amevua Uafrika wake mahali fulani maktabani. Ngao ya hoja hii ni John Mbiti, aliyekuwa kasisi na mwanazuoni, na kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Si haki kumlaumu Mbiti kwa kila kitu kilichofanywa kwa jina lake. Lakini wanaomtaja aghalabu husahau kwamba alipata jibu papo hapo, tena kutoka Afrika Mashariki. Okot p'Bitek, Mwacholi aliyefanya kazi Kisumu kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwashutumu wanazuoni wa aina ya Mbiti kwa kuivalisha miungu ya Afrika kanzu za Wagiriki ili ifanane na Mungu wa wamisionari.

Kisa alichokieleza Okot kinastahili kusomwa na kila anayefundisha fasihi. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na dhana ya kuumba, kwa hiyo swali likatafsiriwa kuwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakasema hawajui. Jibu hilo halikuwaridhisha mapadri, wakasisitiza. Mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima anaweza kushikwa na maradhi ya uti wa mgongo akapinda, akawa kama aliyefinyangwa upya, na kwamba pepo anayedhaniwa kuleta kibyongo hicho huitwa Rubanga. Basi, akasema, Rubanga ndiye anayefinyanga watu. Hivyo ndivyo pepo wa kibyongo alivyopata kuwa Mungu Muumba.

Kicheko ambacho kisa hiki huleta kisifunike kiini chake. Wazee walisema hawajui, na hawajui yao haikupokewa. Walikuwa hawajasoma Sartre. Mwaka 1911 Sartre mwenyewe alikuwa mtoto. Kutojua kwao kulikuwa kwa nyumbani kabisa, tena kwa utulivu, na kulifutwa na waliohitaji jibu. Anayesema leo kwamba shaka ni bidhaa iliyoletwa na meli anapaswa kueleza meli hiyo ilitia nanga wapi katika nchi ya Waacholi. Na huku kwa Waluyia, ambako Nyasaye ni jina linalotumiwa pia na jirani zao Wajaluo, Wakwekeri walifungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902. Kilichokuja na meli kina tarehe.

Hata pale ambapo mtu hai, si mhusika wa riwaya, amesema waziwazi, masikio yamezibwa. Mwezi Machi 1970 Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi, aliwahutubia wajumbe wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, na akaanza kwa kuwaambia kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Mzee mmoja aliinuka kwa hasira na kumshutumu, na ushahidi wake ukawa jina: mtu aitwaye James awezaje kusema si Mkristo? Ngũgĩ baadaye aliliacha jina hilo, na mpaka alipofariki mwezi Mei 2025 hakulirudia. Mzee yule alikuwa mhakiki wa kweli wa shule inayozungumziwa hapa. Aliambiwa jambo na mwenye nafsi yake, akatafuta karatasi ya ubatizo ili kumthibitishia kwamba hakulisema.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 huanza kwa kuutambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, na katika kifungu cha 32 humhakikishia kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra na imani. Chama cha wakanamungu kilipofanikiwa kusajiliwa mwaka 2016, usajili wake ulisimamishwa kwa muda mwaka huo huo kwa hoja ya kulinda amani. Serikali ina hofu zake. Mhakiki ana hofu gani?

Labda hofu hiyo ni ya aina ile iliyouzunguka mji wa Kakamega mwezi Februari 2020. Kezilahabi alikuwa amefariki Januari ya mwaka huo. Haukupita mwezi, na tarehe 3 Februari wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikanyagana ngazini walipokuwa wakitoka madarasani. Watoto zaidi ya 10 wakafa. Katika misiba ya namna hiyo husemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kauli hiyo ina huruma ndani yake, na anayeitoa hukusudia wema. Lakini tazama inavyotenda. Ngazi huwa nyembamba au pana, watoto huwa wengi au wachache, mlango huwa wazi au umefungwa. Haya yote yana majibu. Ikishasemwa kwamba kazi haina makosa, anayeuliza juu ya ngazi huonekana anamkosoa Mungu. Mzazi anayekataa kauli hiyo kando ya kaburi dogo hajafanya falsafa ya Kizungu. Amekataa kwamba kuna mwenye mapenzi aliyeyapenda hayo, na amekataa kwa sababu anamjua mtoto wake kwa jina.

Itasemwa kwamba sababu za namna hii ni za kibinafsi mno, kwamba msiba mmoja hauwezi kubeba uzito wa hitimisho kubwa kiasi hicho. Hoja hii ni ya kweli nusu, na nusu hiyo ya ukweli yafaa itumiwe kote. Ikiwa msiba mmoja hautoshi kumkana Mungu, basi kuponea chupuchupu mara moja hakutoshi kumthibitisha, na ibada nyingi za Jumapili zingekosa ushuhuda. Hakuna mhakiki aliyejaribu kuandika hivyo juu ya mashairi ya shukrani, ambayo fasihi ya Kiswahili imejaa, wala haifai aandike. Shukrani ya mshairi husomwa kama shukrani. Kumkana ndiko kunakosomwa kama homa.

Kezilahabi mwenyewe hakulisubiri jibu. Katika Nagona, ya mwaka 1990, na Mzingile, ya mwaka uliofuata, aliiacha njia ya uhalisia na kulipeleka swali lake katika nchi ya ndoto na vitendawili, mahali ambapo si rahisi kwa mtu kuja na kipimajoto. Wengi waliozilalamikia riwaya hizo kwa ugumu wake hawakujiuliza kama hawakuwa wao waliomsukuma huko.

Madarasani, hata hivyo, Kichwamaji bado husomwa, na swali ambalo aghalabu huulizwa juu yake ni la athari za elimu ya kigeni kwa mhusika mkuu. Mwanafunzi aliyewahi kusimama kando ya kaburi la ndugu yake huko Shirere, akasikia yaliyosemwa na asiyaamini, huketi na karatasi hiyo kama wenzake. Anajua Kazimoto anazungumza juu ya nini kuliko msahihishaji anavyojua. Anajua pia jibu linalotakiwa. Anaandika kwamba udhanaishi ni falsafa iliyochipuka barani Ulaya, anawataja waasisi wake, na anapata alama zake zote.