Hongo ya Njiani: Nani Anakula Milisekunde za Tabora?

Kila mwenye intaneti ya waya nyumbani hapa Tabora anayajua majibu matatu ya huduma kwa wateja. La kwanza: zima ruta, subiri dakika tano, uwashe. La pili: mkongo umekatika baharini. La tatu: nunua kasi kubwa zaidi. Ninadai kwamba, kwa tatizo linalotusumbua wengi wetu, majibu haya yapo kwa ajili ya kumchosha mlalamikaji hadi anyamaze. Ninadai pia kwamba raia yeyote mwenye kompyuta anaweza kulithibitisha hilo bila kulipa hata senti.

Tuanze na maneno, kwa sababu udanganyifu umeanzia humo. Kinachouzwa ni kasi: megabiti 10, 20 au 50 kwa sekunde, tena likitanguliwa na neno dogo la hila, "hadi". Kasi ni upana wa barabara. Haisemi mzigo utafika baada ya muda gani, wala mizigo mingapi itaanguka njiani. Data husafiri zikiwa zimekatwa katika pakiti ndogo ndogo (sisemi vifurushi, maana neno hilo tumelizoea kwa kitu kinachokwisha kabla ya mwezi). Muda wa pakiti kwenda na jibu lake kurudi hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde. Pakiti isiyojibiwa imepotea. Ucheleweshaji na upotevu ndivyo vinavyoamua kama shahidi atasikika mahakamani kwa njia ya video, kama mwanafunzi atafanikiwa kupakia kiambatisho cha maombi ya mkopo, na kama afisa ununuzi wa halmashauri atamaliza kazi yake katika mfumo wa NeST kabla ya muda kufungwa. Katika matangazo ya biashara huvioni hata kimoja.

Mji huu umeishi kwa usafirishaji, kwa hiyo haupaswi kudanganywa kuhusu safari. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, hapa Unyanyembe, tarehe 7 Novemba. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, miezi ikageuka siku. Leo mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa njia ya reli ni kama kilomita 840, hivyo kwenda na kurudi hakufiki milisekunde 9. Ongeza mizunguko ya njia na kazi ya vifaa, ongeza na ukarimu wako, na 30 zinatosha kabisa.

Umbali, basi, hauna kesi ya kujibu. Wenye misafara walijua kwamba siku nyingi hazikuliwa na mwendo bali na vituo. Ugogo msafara uliweza kusimama siku kadhaa ukijadiliana hongo kabla ya kupewa maji na njia. (Hongo ya wakati ule ilidaiwa hadharani na kuhesabiwa kwa vitambaa na shanga. Maana ya leo tumeitengeneza wenyewe.) Mwaka 1871 Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, kila mfanyabiashara wa Unyanyembe alijua njia imefungwa wapi na imefungwa na nani. Sisi tunaolipa kila mwezi tunaambiwa tu kwamba "mtandao unasumbua".

Kituo kinachokula milisekunde kinatafutika. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, si kwa waifai, ili kuta na majirani wasiingie katika ushahidi. Hakikisha hakuna mtu nyumbani anayepakia video, kwani foleni ya ndani ya ruta yako nayo huchelewesha, na hiyo si haki kumbebesha mtoa huduma. Kisha tumia ping, programu iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, ambayo huja bure na kompyuta za kawaida. Kwenye Windows andika ping -n 100 na anwani unayoipima. Pima ruta yako. Pima kifaa cha kwanza cha kampuni, ambacho anwani yake utaipata kwa amri ya tracert. Pima seva iliyoko Dar es Salaam, kisha iliyoko ng'ambo. Fanya hivyo saa kumi na moja alfajiri na saa mbili usiku, kwa wiki nzima, ukiandika kila kitu.

Soma matokeo kwa uadilifu. Vifaa vya katikati mara nyingi husetiwa visijali maswali ya ping, kwa hiyo kituo kisichojibu, ilhali vituo vyote vinavyofuata vinajibu vizuri, hakina kosa. Upotevu wa kweli ni ule unaoanzia mahali fulani na kuendelea hadi mwisho wa safari.

Kwangu, ruta hujibu chini ya milisekunde moja, alfajiri na usiku. Kifaa cha kwanza cha kampuni hujibu kwa milisekunde 6 alfajiri. Saa mbili usiku hupanda na kupita 400, na katika pakiti 100 hupotea 8 au 9. Vituo vyote vya mbele hurithi ugonjwa huohuo.

Sasa yarudieni yale majibu. Kuzima ruta hakuponyi kifaa kisichokuwa nyumbani kwangu. Ni kweli kwamba tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu na nchi nzima ikaumia. Lakini mkongo wa baharini hauwezi kuichelewesha pakiti ambayo haijatoka Tabora. Tena bahari haikatiki kila siku saa mbili usiku na kuungwa alfajiri. Kinachofanya hivyo ni njia moja nyembamba ya mtaa iliyouzwa kwa kaya nyingi kuliko inavyoweza kubeba.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linageuza kosa la muuzaji kuwa biashara mpya. Pakiti ikipotea, mtumaji huituma tena na kupunguza mwendo. Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake walichapisha kanuni inayoonyesha kwamba kasi ya mkondo mmoja, kwa upitishaji wa kawaida, hushuka kadiri muda wa safari na upotevu vinavyoongezeka. Chukua safari ya milisekunde 150 hadi Ulaya na upotevu wa asilimia 1 tu: unapata takriban megabiti 1 kwa sekunde, uwe umenunua 10 au 50. Ziko mbinu mpya za utumaji zinazostahimili zaidi, lakini hazimpi muuzaji haki ya kuuza upana usiopitika. Na kwa kanuni hiyohiyo, upotevu uleule humuumiza aliye mbali kuliko aliye karibu na seva. Tabora inalipa mara mbili.

Mkongo wa Taifa ulianza kujengwa mwaka 2009, na umefika hapa kwa jasho la umma. Inachukiza kwamba safari ya mamia ya kilomita inakwenda salama, halafu ikwame kati ya kituo na mtaa. TCRA inayo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 na kanuni za ubora wa huduma za 2018. Itangaze, wilaya kwa wilaya, ucheleweshaji na upotevu wa intaneti za majumbani katika saa za msongamano, kwa majina ya kampuni.

Wanafunzi na wanaharakati, pelekeni malalamiko kwa maandishi pamoja na jedwali la vipimo, mdai namba ya lalamiko, kisha mpeleke nakala TCRA kampuni ikinyamaza. Nanyi watumishi wa umma mnaosaini mikataba ya intaneti za ofisi zenu mna nguvu ambayo hamuitumii. Mkataba ujao uandikeni hivi: upotevu usizidi asilimia 1 na safari ya hadi Dar es Salaam isizidi milisekunde 40, vikipimwa saa za kazi, na ankara ipunguzwe kwa kila siku ambayo masharti hayo hayakutimizwa.