MLANGO WA JIRANI UKO CHAPWA

Katika mkutano wa tawi letu hapa Chapwa mwanachama mmoja alisimama akasema maneno ambayo baadhi ya watu waliyapigia makofi. Alisema: “Malori haya ya kwenda Zambia yameziba barabara yetu. Mgonjwa akizidiwa usiku hatuna pa kumpitisha. Kwa nini tuwabembeleze? Bahari ni yetu. Wakitaka kupita walipe, na wakichelewa wavumilie.”

Hatukumzomea, maana taabu aliyoitaja ni ya kweli. Lakini neno lake la mwisho, kwamba bahari ni yetu na jirani avumilie, hatuwezi kuliacha lipite bila jibu. Ni neno linalosemwa na wengi zaidi ya huyo ndugu, na wapo wanaolitenda bila kulisema.

Tutazame ramani. Zambia si nchi ndogo. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 752,000, na imezungukwa na nchi nane: sisi, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia, Angola na Kongo. Hakuna upande hata mmoja unaogusa maji ya chumvi. Mto Zambezi huenda mpaka Bahari ya Hindi, lakini una maporomoko njiani, wala meli ya bahari haiwezi kuupanda. Na utajiri wa nchi hiyo ni shaba ya Kitwe, Mufulira na Chingola, ambayo huleta sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni. Shaba ni mzigo mzito. Haina faida mpaka imefika bandarini, na kutoka machimboni mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 2,000.

Mpaka huu tunaouona Tunduma haukuwekwa na Wazambia wala na sisi. Mwaka 1890 Mwingereza na Mjerumani waligawana nchi wakiwa Ulaya. Mwingereza alitaka njia ya Stevenson, iliyounganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ibaki upande wake, na mstari ukachorwa hivyo. Wanyamwanga wakakatwa vipande viwili. Hawa wakaambiwa ni wa Mjerumani, wale wakaambiwa ni wa Mwingereza, na hali shangazi ni mmoja. Mpaka leo kukiwa na msiba Nakonde, huku Tunduma watu hufunga vibanda wakavuka.

Huko ng’ambo nchi ilitawaliwa na kampuni ya Cecil Rhodes mpaka 1924, ndipo Serikali ya Uingereza ikaichukua. Reli ililetwa kutoka kusini: ilivuka Zambezi mwaka 1905, ikafika mpaka wa Kongo mwaka 1909. Milango mikubwa ya nyumba ikaelekezwa kwa makaburu na walowezi. Mwaka 1953 likaundwa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, na fedha nyingi za shaba zikawa zinajenga Salisbury. Hata bwawa la Kariba lilipojengwa katika mto ulio mpaka wa nchi mbili, kituo cha kwanza cha umeme kiliwekwa ukingo wa kusini. Mwenye kufikiri ataona kwamba hilo halikutokea kwa bahati.

Shirikisho lilivunjika mwaka 1963, na tarehe 24 Oktoba 1964 Ndugu Kenneth Kaunda na chama chake cha UNIP wakapandisha bendera. Mwaka mmoja tu ukapita. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alinyakua utawala wa Rhodesia kwa ajili ya walowezi wake, na Zambia ikajikuta mafuta yake yanapita mikononi mwa adui. Bendera walikuwa nayo, mlango hawakuwa nao.

Ndipo barabara yetu hii ilipoingia katika historia. Mapipa ya mafuta yalipakiwa Dar es Salaam yakaletwa kwa malori, zaidi ya kilomita 900 mpaka Tunduma, na bado safari haijafika nusu. Barabara ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika, malori yakapinduka, watu wakafa. Madereva wakaiita njia ya jehanamu. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA la kupeleka mafuta Ndola. Reli nayo, wakubwa wa Benki ya Dunia walikwisha sema mwaka 1964 kwamba haitakuwa na faida. Mwalimu Nyerere na Kaunda hawakukubali. Wakaenda kwa Wachina, wakatiliana saini mwaka 1967, wakapata mkopo usio na riba. Kazi ilianza 1970, na mwaka 1976 TAZARA ikakabidhiwa kwetu: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, mali ya nchi mbili nusu kwa nusu. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na Waafrika wenzetu wakafa pamoja nao.

Mpaka hapo kila mwanachama anaijua hadithi na huisimulia kwa fahari. Sehemu inayofuata tunapenda kuiruka. Leo hatutairuka.

Smith alifunga mpaka wake na Zambia mwaka 1973. Alipotaka kuufungua tena, Kaunda alikataa, akauacha umefungwa kwa ajili ya uhuru wa wengine. Mwaka 1975 reli ya Benguela, iliyopita Angola, ikafungwa na vita. Sasa Zambia ikatutazama sisi kuliko mtu mwingine yeyote. Nasi tukafanya nini? Bandari ya Dar es Salaam ilijaa mizigo isiyosogea. Mabehewa hayakutosha, na injini ziliharibika. Mbolea ya wakulima wa Zambia ilikuwa inangojewa na mvua i karibu. Mwezi Oktoba 1978 Kaunda, yule yule aliyestahimili miaka mitano, akafungua tena reli ya kusini na kupitisha mizigo kwa Smith. Walikuwapo kwetu waliomlaumu. Sisi twasema lawama ile hatukuwa na haki nayo. Ni kweli adui naye alikuwa kazini, kwani mwaka 1979 askari wa Rhodesia walilipua daraja la TAZARA la mto Chambeshi. Lakini mizigo ya 1978 haikukwamishwa na bomu.

Basi yule ndugu wa mkutanoni ajiulize: jirani asiye na bahari akikwamishwa kwetu, atakaa akivumilia? Hakuvumilia mwaka ule, hali ya kuwa mlango wa pili ulikuwa wa adui. Leo milango mingine ni ya marafiki. Tangu 2023 Marekani na Ulaya wanaisaidia Angola kuifufua njia ya Lobito, na upo mpango wa kuifikisha reli hiyo Zambia. Kwetu nako viongozi hawakulala. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa Tunduma na Nakonde mwaka 2019, na mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China walitiliana saini Beijing juu ya kufufua TAZARA. Lakini kituo kizuri hakisaidii ikiwa huku nje mtu anauza nafasi ya foleni, kijana anachuruza dizeli ya lori usiku, na dalali anamwambia dereva mgeni kwamba karatasi zake ni mbovu ili apewe chochote.

Na tusidhani kwamba tunayemfanyia hivyo ndiye peke yake anayetuhitaji. Nani hula kwa mama lishe wa Chapwa kama si dereva na utingo wake? Mwaka 2024, ukame ulipoangamiza mashamba ya Zambia, nchi hiyo ilikubaliana nasi kununua tani 650,000 za mahindi. Mahindi ni zao letu, watu wa Songwe. Mwaka ule mnunuzi wetu alikuwa ni huyu huyu anayeambiwa avumilie.

Taabu ya barabara tumeisikia, na haifai kuondolewa kwa kumchukia dereva. Tunataka Halmashauri ya Mji itenge uwanja wa malori kungojea, wenye maji na vyoo, maana dereva anayelala siku tatu barabarani hana pa kujisaidia ila nyuma ya nyumba zetu. Tunataka upande mmoja wa barabara uachwe wazi usiku na mchana kwa ajili ya magari ya wagonjwa. Hayo tutayapeleka kwa diwani kwa maandishi wiki hii. Na kwa upande wetu wenyewe, mwanachama atakayekutwa akiuza nafasi ya foleni, jina lake litasomwa mbele ya mkutano wa tawi. Kamati ya watu watano imekwisha chaguliwa kusimamia jambo hili, na yule ndugu aliyeuliza swali amekubali kuwa katibu wake.