Bunduki zimeshuka bei Marekani: ndugu yetu anunue?

Mwezi uliopita tulipokea ujumbe wa sauti kutoka Marekani. Aliyeutuma ni ndugu aliyeimba pamoja nasi katika kwaya kabla vita haijamwondoa kijijini kwake. Alikaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi, kisha akapelekwa Kentucky pamoja na mke na watoto wao wanne. Sasa anafanya kazi usiku katika depo ya mizigo. Alisema hivi: "Pasta, wenzangu wa kazi wananiambia huu ndio wakati wa kununua bunduki. Bei imeshuka, hata masasi wanapunguza. Juma mbili zilizopita kulipigwa masasi kwenye barabara yetu. Mama watoto hataki hata kulisikia neno hilo. Wewe unasema nini?"

Hatukumjibu siku ile. Ilikuwa rahisi kumwambia "hapana, omba Mungu," lakini tulijua angetuona kama watu tusioelewa anaishi wapi. Kulikuwa pia na neno moja katika ujumbe wake lililotusumbua. Bei imeshuka kwa nini? Unga unashuka bei wakati wa mavuno, samaki anashuka bei ziwa likitulia. Bunduki haina msimu wa mavuno. Basi tukaanza kutafuta, na tuliyoyapata tunayaandika hapa kwa sababu yanawagusa hata ninyi mnaosoma mkiwa Uvira, Beni au Bunia, mahali ambapo hakuna duka la bunduki lenye punguzo.

Marekani, karibu kila anayenunua bunduki kwa muuzaji mwenye leseni anachunguzwa kwanza, ili ijulikane kama sheria inamkataza. Uchunguzi huo unapitia mfumo wa FBI ulioanza mwishoni mwa Novemba 1998, na hesabu zake zinatangazwa kila mwezi. Si hesabu kamili ya bunduki zilizouzwa. Mara nyingine uchunguzi ni wa kibali tu, mara nyingine mtu mmoja anachukua bunduki mbili kwa uchunguzi mmoja, na katika majimbo mengi mtu akimuuzia jirani yake hakuna anayeandika. Hata hivyo, ukizipanga hesabu hizo mwezi baada ya mwezi, unaona mawimbi, na kila wimbi lina sababu yake.

Novemba 2008 Barack Obama alichaguliwa. Mwezi huo uchunguzi ulifika kama milioni 1.5, wakati Novemba ya mwaka uliotangulia ulikuwa karibu milioni 1.1. Hakuwa ameingia hata ofisini. Watu waliogopa kwamba atawakataza, wakakimbilia madukani. Desemba 14, 2012, kijana mmoja aliingia katika shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, akaua watoto 20 na watu wazima 6. Sisi tungedhani kwamba baada ya jambo la namna hiyo watu wangechukia bunduki. Mwezi huo uchunguzi ulipita milioni 2.7, na Desemba ya mwaka uliotangulia haukufika milioni 1.9. Masasi yakawa haba kwa miezi mingi. Wengine waliogopa wauaji, lakini wengi waliogopa sheria mpya. Sheria yenyewe haikuja: Aprili 2013 pendekezo la kupanua uchunguzi lilipata kura 54 katika Seneti, na zilihitajika 60.

Halafu Novemba 2016 Donald Trump, rafiki wa wenye bunduki, akachaguliwa. Siku iliyofuata thamani ya hisa za viwanda vya bunduki ilianguka. Ndiyo, ilianguka. Mwaka 2016 uchunguzi ulikuwa zaidi ya milioni 27, mwaka 2017 ukashuka hadi milioni 25. Mwezi wa Machi 2018 kampuni ya Remington, iliyokuwa na miaka zaidi ya 200, ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Rais aliyewapenda aliwaharibia biashara, na yule waliyemwogopa ndiye aliyekuwa mchuuzi wao bora. Tukiwa wahubiri tunaojua namna hofu inavyojaza viti vya kanisa, hatukucheka sana.

Wimbi kubwa kuliko yote lilikuja na ugonjwa wa korona. Machi 2020, watu walipokuwa wakipigania karatasi za choo, uchunguzi ulipita milioni 3.7. Juni, baada ya George Floyd kuuawa na polisi na miji kujaa maandamano, ukakaribia milioni 4. Mwaka mzima wa 2020 ulifika milioni 39.7, kutoka milioni 28 za mwaka 2019. Tangu hapo maji yanapungua: milioni 31 mwaka 2022, chini kidogo ya milioni 30 mwaka 2023, karibu milioni 28 mwaka 2024. Kampuni ya Smith & Wesson iliuza bidhaa za zaidi ya dola bilioni moja katika mwaka wake wa hesabu uliokwisha Aprili 2021. Miaka miwili baadaye ilipata dola milioni 479, yaani chini ya nusu. Maduka yalikuwa yameagiza mali kwa kudhani hofu itaendelea, na hofu ikapoa kabla mali haijaisha. Hiyo ndiyo bei nzuri aliyosikia ndugu yetu.

Tusisahau kwamba kuna wanaokula kutokana na mawimbi haya, na si matajiri peke yao. Katika mji mdogo wa Ilion, jimbo la New York, Remington ilitengeneza bunduki tangu miaka ya 1820. Wenye kampuni walibadilika mara kadhaa, na Machi 2024 kiwanda kikafungwa, kazi ikahamishiwa kusini. Baba aliyefundishwa kazi na baba yake alirudi nyumbani mikono mitupu. Ni vigumu kuombea mji wa namna hiyo. Utasema nini? Kwamba Bwana awarudishie wateja?

Lakini kuna badiliko la chini zaidi ambalo mawimbi yanalificha. Mwaka 1999 wenye bunduki Marekani walipoulizwa sababu kubwa ya kuwa nayo, karibu nusu walitaja uwindaji, na kama robo tu walitaja kujilinda. Mwaka 2023 waliotaja kujilinda walikuwa 72 kwa mia. Mwindaji ananunua bunduki moja na kuitumia miaka thelathini. Mtu mwenye hofu ananunua habari za redio zinapomtisha, na zikimtisha tena ananunua nyingine. Ndiyo sababu biashara hii inapanda na kushuka kama moyo wa mgonjwa.

Na wanaoogopa si wazungu wa vijijini tu, kama tunavyopenda kufikiri. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Januari 2019 na Aprili 2021 Wamarekani milioni 7.5 walikuwa wenye bunduki kwa mara ya kwanza. Karibu nusu yao walikuwa wanawake, na mmoja kwa kila watano alikuwa mtu mweusi. Hawa wana sababu zao, na anayekaa Goma hana ruhusa ya kuwaambia kwamba hofu yao ni ya bure.

Jambo ambalo hakuna tangazo la duka linalolisema ni kwamba hofu inaondoka, bunduki inabaki. Bei ikishuka, zile za mwaka 2020 hazirudi kiwandani. Ziko kabatini, chini ya kitanda, ndani ya gari. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini humo. Zaidi ya nusu yao, 26,328, hawakuuawa na mwizi wala jirani. Walijiua. Watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walifuatilia watu milioni 26 wa California kwa miaka 12. Wakaona kwamba mwanamume mwenye bastola anakufa kwa kujipiga bunduki mara nane zaidi ya asiye nayo, na mwanamke mara 35. Saa mbaya hupita kwa watu wengi. Bunduki ikiwa karibu, haipewi nafasi ya kupita. Sisi wachungaji tuliokaa usiku na watu waliopoteza watoto, au waliobakwa njiani, tunajua saa hiyo ikoje. Ndugu zetu waliovuka bahari hawakuacha ndoto zao uwanjani Entebbe au Bujumbura.

Hatusemi haya kana kwamba kwetu kuna amani. Kwetu sheria ya mwaka 1985, amri-sheria namba 85-035, inamkataza raia kumiliki silaha bila kibali. Hata hivyo kila mtu anajua kwamba silaha za mashariki hazikuanza na kibali. Kwao hofu inamleta mnunuzi dukani. Kwetu bunduki huja yenyewe mlangoni: askari anakimbia, anaivua nguo ya kazi, anaiacha silaha chini ya migomba. Januari 2025, vita ilipoingia Goma, silaha ziliachwa barabarani na vijana wakaziokota. Baba mmoja wa parokia (hatutaji mahali) alitujia usiku akieleza kwamba mwanawe amefunga kitu ndani ya kikwembe na kukificha nyuma ya jiko. Hakuuliza kama ni dhambi. Aliuliza: "Nikiitoa, niikabidhi kwa nani?" Kwa serikali ipi, kundi lipi, na huyo atakayeipokea atatuuliza nini siku ya pili? Tulikaa kimya muda mrefu. Swali lile halikuwa ndani ya vitabu tulivyosoma chuo cha theolojia.

Kuna ndugu Wakristo huko Marekani, na wengine kwetu, wanaotaja Luka 22, mahali Yesu anapozungumza na wanafunzi juu ya kuuza vazi na kununua upanga. Wasome mpaka mwisho wa sura. Panga zilizopatikana ni mbili kwa watu kumi na wawili, naye akasema zinatosha. Usiku uleule mmoja ukakata sikio la mtumwa, na Yesu akaliponya. Anayetaka kujenga ghala la silaha juu ya panga mbili ana kazi kubwa. Tunakubali pia kwamba Nehemia alijenga ukuta watu wakiwa na silaha mkononi, na hatutamhukumu mlinzi wa kijiji kilichochomwa mara tatu. Maandiko hayatupi jibu la haraka, na mhubiri anayelitoa kwa haraka tumwogope.

Ila makanisa ya Afrika yamewahi kulishughulikia jambo hili upande wa mnunuzi. Mwaka 1995, baada ya vita ya Msumbiji, Baraza la Kikristo la nchi ile, likiongozwa na mawazo ya Askofu Dinis Sengulane wa Anglikana, lilianza kupokea silaha na kutoa majembe, cherehani, baiskeli na vifaa vya kujengea. Silaha zilikatwakatwa, wasanii wakatengeneza viti na sanamu kwa vyuma vyake. Katanga nasi tuliona PAREC ya Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda ikitoa baiskeli kwa bunduki. Watu walicheka: baiskeli kwa Kalashnikov! Lakini anayeishi Katanga anajua mtu mwenye baiskeli anaweza kusukuma makaa na mahindi mpaka sokoni. Msumbiji ilikuwa na kitu kimoja ambacho sisi hatuna: vita ilikuwa imekwisha. Nabii Mika anapenda kutajwa kwa habari ya panga kugeuzwa majembe, lakini wengi wanakatia hapo. Yeye anaendelea hadi kwa mtu anayekaa kwake bila wa kumtisha. Jembe bila sehemu hiyo ya pili linauzwa tena kununua bunduki, na tumeshaona watu wakifanya hivyo.

Yule baba wa kikwembe bado hatujampa jibu kamili. Wazee watatu wa kanisa wanalishughulikia, polepole, bila kuandika.

Ndugu wa Kentucky tulimpigia siku ya nane. Tulimweleza hesabu hizi, naye alisikiliza kwa heshima, kama watu wanavyosikiliza mahubiri marefu. Halafu tukamuuliza kitu kidogo: "Wewe unafanya kazi saa ngapi?" Akasema anatoka nyumbani saa tatu ya usiku, anarudi saa moja ya asubuhi. "Na yale masasi ya barabarani yalilia saa ngapi?" Kwenye saa sita ya usiku. "Basi bunduki hiyo italala na nani?" Kukawa kimya, tukadhani simu imekatika. Akasema: "Italala na mama watoto. Asiyeitaka. Na watoto."

Hakutuahidi kitu. Alisema kwanza ataomba mkubwa wake ampe kazi ya mchana, ingawa mshahara wake ni mdogo zaidi. Juma lililopita alituandikia kwamba bado anangoja jibu. Mwenzake wa kazi anamhimiza asichelewe, kwa maana uchaguzi ukikaribia bei itapanda tena.