Tusiwaambie Wavumilie Peke Yao



Akina mama wenye ajira wanapotujia ofisini na machozi, neno la kwanza linalotutoka sisi mapadre huwa ni moja: "Vumilia." Tumelisema mara nyingi, na tulilelewa kulisema. Hatukatai kwamba uvumilivu ni fadhila. Lakini hatuna budi kukiri kwamba tumelitumia neno hilo hata mahali ambapo haki ndiyo iliyodaiwa, kwa sababu lilitupunguzia kazi.

Tunamkumbuka mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika vijiji hivi vya Gitting, chini ya Mlima Hanang. Ametupa ruhusa tueleze habari zake bila kumtaja jina. Kadi yake ya benki ilishikwa na mumewe. Kila mwisho wa mwezi mume alishuka Katesh kutoa mshahara, naye mwalimu akapewa fedha ya chumvi na sabuni, kama mtoto anayetumwa dukani. Alipouliza, alipigwa. Alitujia mara mbili, na mara zote mbili tulimrudisha nyumbani kwa sala na maneno mazuri.

Mara ya tatu hakuja peke yake. Alikuja na muuguzi wa zahanati, fundi cherehani, na bibi mmoja wa Kidatoga aliyekuwa jirani yake. Bibi ndiye aliyeanza kusema: "Padre, leo hatukuja kuombewa. Tumekuja utusikilize."

Walikuwa wamekwisha kupanga kila kitu. Muuguzi angemsindikiza benki kufungua akaunti nyingine. Fundi angekaa na watoto siku ya kikao. Bibi angewaendea wazee wa ukoo wa mume. Kwetu sisi walitaka jambo moja tu: tuhudhurie kikao hicho, tuseme mbele ya mume kwamba Kanisa halikumpa kamwe ruhusa ya kumpiga mkewe. Tulikwenda, tukasema. Tukaeleza pia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo katika kifungu cha 58 inasema kwamba ndoa haimpokonyi mwanandoa mali aliyo nayo, na katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Baadhi ya wazee walikuwa hawajapata kuisikia, ingawa ina umri wa zaidi ya miaka 50.

Tulidhani tumeona jambo jipya. Yule bibi alitucheka. Kwao Wadatoga, alituambia, wanawake wana baraza lao wenyewe, girgwageda gademga. Mwanamume akimdhulumu mwanamke, na hasa akimkosea katika mambo ya uzazi wake, wanawake wa ujirani hukusanyika, husikiliza shauri, hutoa hukumu na kumtoza mkosaji faini ya dume la ng'ombe. Mwenye kukaidi huogopa laana yao. Mtaalamu wa Kimarekani, George Klima, aliyeishi kati ya Wabarabaig, aliandika habari za baraza hilo mwaka 1964, akionyesha kwamba wanawake wa wafugaji hawa walikuwa na mamlaka halisi ya kuwahukumu wanaume. Sisi tuliosomeshwa seminari tulikuwa tukipita kando ya mikutano ya namna hiyo tukidhani ni ushenzi mtupu. Mzungu alitangulia kuuliza.

Taabu ya mwanamke mwenye ajira leo ni kwamba kazi humtoa katika duara hilo. Mwalimu anayetoka Mbulu hupangiwa shule ya Hanang, muuguzi wa Moshi hupelekwa zahanati ya kijiji ambacho hajapata kukisikia. Hana mama, hana shangazi, hana wifi wa kumtetea. Serikali imemtungia sheria njema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, na baada ya hapo hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. (Baba amepewa siku 3, na wengine hata hizo huzimalizia kilabuni.) Lakini mwalimu anayeishi mwendo wa saa nzima kutoka shuleni atazitumiaje saa hizo mbili, asipokuwa na mwenzake wa kumletea mtoto? Sheria imeandika saa. Mtu wa kumbeba mtoto haikumwandika.

Tulishuhudia uzito wa jambo hili tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili, matope na mawe yalipoporomoka kutoka mlimani na kuangamiza watu zaidi ya 80 huko Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Shule ziligeuzwa kambi. Walimu na wauguzi wa kike waliendelea na kazi huku wakiwa na misiba yao wenyewe. Waliosimama imara siku zile, kwa jinsi tulivyoona, si wale wenye moyo mgumu kuliko wengine. Ni wale ambao mtu alikuwa amekwisha kuwachukua watoto wao bila kuombwa.

Wako wanaume wanaotuambia kwamba urafiki wa wanawake ni umbeya na huvunja nyumba. Tunawajibu kwamba nyumba ya yule mwalimu ilikuwa imevunjika siku nyingi, na sisi tulikuwa tukiibariki. Hata hivyo si kila kikundi cha akina mama ni urafiki. Tumeona wanawake walioingia nyumbani kwa mwenzao mgonjwa, wakabeba kitanda na masufuria kwa sababu amekosa rejesho la wiki la ile mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza "kausha damu". Waliimbiana nyimbo za umoja siku ya kukopa. Jambo hilo ni dhuluma, na anayelitenda hawezi kujitetea kwa kusema ni utaratibu wa kikundi.

Yule mwalimu alihamishwa baadaye akapelekwa wilaya nyingine. Mume hakumfuata mara moja. Alikuja baada ya miezi saba, na kadi ya benki hakuiomba. Muuguzi alikuwa amempigia simu muuguzi mwenzake wa huko aliyesoma naye chuo. Mwalimu aliposhuka katika basi saa mbili usiku, na watoto watatu na godoro, alikuta wanawake wawili asiowafahamu wamemsubiri tangu jioni, mmoja ameshika tochi na mwingine ndoo ya maji.